Kibaraza kimechakaa? Kabla ya kuita fundi, fikiria nani anapita hapo

Bibi aliletwa hospitalini asubuhi ya mvua. Alikuwa ametoka kibarazani kuchukua kandambili zake, akateleza. Mguu wa kulia ulionekana mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo umegeukia nje. Hata kabla ya picha ya eksirei nilihisi kuwa nyonga imevunjika. Mwanawe alisimama pembeni akisema, “Daktari, kile kibaraza tumekikarabati mwezi uliopita tu. Tumeweka marumaru nzuri.”

Nimemkumbuka bibi huyo wiki hii kwa sababu kibaraza cha nyumbani kwangu nacho kimechakaa. Zege lina nyufa, kona moja imetitia na mvua ikinyesha maji yanatuama. Mume wangu anataka marumaru zinazong’aa. Mimi ninamfikiria mama yangu, mwenye mtoto wa jicho na anayetumia dawa za shinikizo la damu, ambaye huja kukaa nasi miezi kadhaa kila mwaka.

Ndugu msomaji, kama nawe uko kwenye uamuzi huu, anza kwa kukikagua kibaraza kama daktari anavyomkagua mgonjwa. Ufa mwembamba ambao pande zake mbili ziko sawa unaweza kuzibwa. Lakini upande mmoja ukiwa umeinuka au umetitia, huenda udongo wa chini umelegea au umeondoka na maji. Ukifunika hapo kwa marumaru, ufa unaweza kurudi. Sehemu hiyo ni afadhali ibomolewe, udongo ushindiliwe, kisha zege limwagwe upya. Gonga pia sakafu kwa kipande cha mti: inapolia kama kitu kitupu, tabaka la juu limeachana na la chini.

Pili, chagua sakafu isiyoteleza ikilowa. Marumaru laini za sebuleni hazifai mahali panaponyeshewa, na niru iliyong’arishwa nayo huteleza. Zege lililopigwa brashi kabla halijakauka huacha mikwaruzo inayoshika mguu, na gharama yake ni ndogo. Ukitaka marumaru, nunua zenye uso wa kukwaruza. Mwagia maji kipande kimoja dukani na ukipapase kwa kiganja kabla ya kulipa.

Tatu, mwambie fundi aweke mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea nje ya nyumba. Maji yanayotuama huotesha ukoka wa kijani unaoteleza, na yakikaa wiki moja au zaidi yanaweza kuzalisha mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka mlipuko wa mwaka 2014 na ule wa 2019.

Nne, ngazi ziwe na kimo kinacholingana. Mzee asiyeona vizuri hupanda kwa mazoea, na ngazi moja iliyozidi wenzake ndiyo itakayomwangusha. Paka rangi angavu ukingoni, weka taa na kishikio cha mkono.

Kazi yenyewe pia ina hatari zake. Vumbi la zege linalobomolewa lina chembe za silika, ambazo kwa anayezivuta miaka mingi huharibu mapafu bila kupona. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kifua siku hiyo hiyo. Zege limwagiwe maji wakati wa kukata na kuvunja, fundi avae barakoa inayozuia vumbi, na watoto wakae mbali.

Saruji mbichi nayo huunguza ngozi, na maumivu yanaweza kuchelewa saa kadhaa. Mtoto akiikanyaga, mvue viatu na soksi, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo na umwahishe hospitali hata kama ameacha kulia.

Na mzee akianguka, akashindwa kusimama, usimvute mkono kumwinua. Usimchue mguu wala kuunyoosha. Mfunike apate joto, tafuta usafiri ambao atalazwa, mpeleke hospitali. Mvunjiko wa nyonga mara nyingi huhitaji upasuaji, na kila siku anayolala nyumbani huongeza hatari ya vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda.

Kwangu tumeamua: kona iliyotitia itabomolewa, nyufa nyingine zitazibwa, na juu tutaweka zege la kupigwa brashi. Halitang’aa. Tutalimwagilia siku 7 ili likomae vizuri, na kishikio cha ngazi kitawekwa kabla mama hajafika. Wewe leo jioni mwagia maji kibaraza chako, kisha utazame yanaelekea wapi na nani anayepita hapo kwa kusitasita.