Nywila Imekubaliwa, Orodha Haitokei

Msomaji mmoja amegeuza kompyuta ya nyumbani kuwa seva ya FTP kwa programu ya FileZilla Server. Akiwa sebuleni, mafaili yanapita vizuri. Ndugu yake aliye mji mwingine akijaribu, nywila inakubaliwa, kisha kila kitu kinakwama pale orodha ya mafaili ilipotakiwa kutokea.

Kuweka programu hakuna la kusimulia: ni kufungua akaunti na kuchagua folda. Utamu uko kwenye huko kukwama.

FTP ni kongwe. Abhay Bhushan wa MIT aliandika toleo la kwanza mwaka 1971, na kanuni za 1985 ndizo msingi wake hadi leo. Amri hupitia poti 21. Mafaili, na hata orodha yake, hupitia njia ya pili inayofunguliwa kwa kazi hiyo tu. Mteja hutuma amri ya PASV kuuliza njia iko wapi, na seva humjibu kwa namba sita: 192,168,1,10,195,80. Nne za kwanza ni anwani ya IP. Mbili za mwisho ni poti, iliyokatwa vipande kwa kuwa baiti moja haivuki 255. Zidisha 195 kwa 256, ongeza 80: 50,000 kamili.

Hebu fikiria duka la jumla. Karani wa kaunta anampa mteja karatasi: mzigo kachukue jengo la 192.168.1.10, mlango wa 50000. Kumbe anwani hiyo ni ya ndani ya uzio, na nyumba chungu nzima duniani zinaitumia hiyo hiyo. Hata mteja akifika getini, mlinzi, yaani rauta, ameagizwa kuruhusu wa mlango 21 tu. Karani anangoja, mteja anazunguka uzio, mwishowe wote wanakata tamaa. Aliye sebuleni hayamkuti hayo, maana yumo ndani tayari.

Dawa ni kuiandikia seva anwani ya nje ya nyumba, kuitengea poti chache, tuseme 50000 hadi 50100, kisha kuiagiza rauta izipeleke, pamoja na 21, kwenye kompyuta hiyo. Kompyuta nayo ipewe anwani ya ndani isiyobadilika, la sivyo siku moja mgeni atapelekwa kwenye runinga.

FTP tupu hupitisha nywila waziwazi, kwa hiyo TLS iwashwe. Kampuni ya intaneti ikiwa imewagawia wateja wengi anwani moja ya nje, njia hii haifui dafu. Asiyetaka hesabu za poti ana SFTP, ambayo amri na mafaili yake hupita pamoja kwenye poti 22.