Shamba Lililochoka na Shamba Lililoondoka: Habari ya Mmomonyoko wa Udongo Bigwa

Mkulima aonapo mahindi yake yamepungua mwaka hata mwaka, husema shamba limechoka. Neno hili lina maana kamili katika kilimo cha zamani: kilichochoka hupumzishwa, na kikisha kupumzika hurudiwa na nguvu zake. Lakini si kila shamba lililoacha kuzaa limechoka. Jingine limeondoka. Udongo wake wa juu umekwisha kuchukuliwa na maji, na kilichobaki chini ya jembe ni ardhi nyingine, ambayo haikupata kuwa shamba.

Bigwa ipo mashariki ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mahali inapoanzia barabara ya kwenda Matombo na Kisaki. Upande wa mashariki wa milima hiyo hupata mvua nyingi; upande unaoelekea mji ni mkavu zaidi, na asili ya miteremko yake ya chini ni miombo, jina la Kibantu ambalo wataalamu wa dunia nzima hulitumia. Msitu wa miombo hauna kivuli kizito. Jua hupenya, nyasi huota, na wakati wa kiangazi moto huzila. Rutuba yake imo katika tabaka jembamba la juu, pamoja na miti yenyewe. Basi mti ukikatwa kwa mkaa na nyasi zikichomwa mwishoni mwa kiangazi, mvua ya kwanza huangukia ardhi tupu. Matone huupiga udongo, huuvunja, huziba vitundu vyake. Maji yasiyoweza kuingia hutiririka yakichukua unga wa juu. Jambo hili halionekani upesi. Korongo kila mtu huliona na kulitaja, lakini udongo unaoondoka kama ngozi nyembamba, shamba zima kwa pamoja, haukupata jina lake katika mazungumzo ya kila siku, nao ndio hasara kubwa.

Serikali ya Kikoloni ililiona jambo hili, ikalitafutia dawa kwa amri. Mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ulioanza kutekelezwa mwaka 1950, uliwalazimisha watu kukata matuta ya ngazi milimani. Hapo pana tatizo hata la neno. Tuta la mkulima ni udongo mzuri uliokusanywa juu, kama lile la viazi. Tuta la Bwana Shamba lilichimbua mteremko, likafukia udongo mzuri na kutoa nje ule usio na rutuba. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuongezeka, na penye mteremko mkali maji yaliyotuama yaliweza kuporomosha ngazi yenyewe. Tena ardhi ya Waluguru ilikuwa ya ukoo, kwa upande wa mama, na wengi walilima kwa kuazima. Aliyeazima angejengaje kitu cha kudumu katika ardhi ya wengine, na mwenye ardhi angekubalije? Mwezi wa Julai 1955 palitokea ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi za polisi, na shuruti ya matuta ikaachwa.

Lawama ya amri ile ni haki. Ila ikazaa hasara ya pili: kwa muda mrefu kila shauri la kuhifadhi udongo lilisikika kama shuruti, na maji hayakungoja. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi, kwa muda usiofika saa tatu, ikasababisha maporomoko zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia mashambani na penye nyasi. Penye miti yalikuwa machache mno.

Huko Mgeta wakulima walikuwa na ngazi zao wenyewe tangu zamani, ndogondogo, wakifukia magugu ndani yake ili yaoze. Hizo hazikuhitaji askari. Na kwa miteremko mikavu kama ya Bigwa, miombo ina tabia moja ya msaada: kisiki kisipong'olewa wala kuchomwa kila mwaka, huchipua.