Jeli ya Kuzuia Mimba: Ugumu Hauko Katika Kuua Mbegu

Kuua mbegu ya kiume ndani ya chupa ya maabara ni kazi nyepesi. Sabuni inaiua, maji ya ndimu yanaiua, hata maji matupu ya bomba yanatosha kuifanya ivimbe na kuacha kuogelea. Ole wake atakayejaribu hayo mwilini, kwa kuwa sabuni na ndimu huchubua uke na mimba huingia vilevile. Kinachowasumbua watafiti miaka yote hii ni namna ya kuifikisha dawa mahali pake, ikae hapo kwa muda unaotakiwa, na isimdhuru mwanamke mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya jeli, na kwa maoni yangu jeli ni nusu nzima ya dawa.

Muda wenyewe ni mfupi mno. Shahawa za tendo moja huwa kama mililita 2 hadi 5, na kila mililita hubeba mamilioni ya mbegu. Uke wenye afya una asidi, kipimo chake cha pH kikiwa kati ya 3.5 na 4.5, kwa sababu bakteria wema wanaoishi humo hutengeneza asidi laktiki. Hali hiyo peke yake ingezimaliza mbegu, ila shahawa huja na kinga yake: pH yake huzidi 7, nayo huififisha asidi hiyo mara moja. Ndani ya dakika chache mbegu za mbele zimeshaingia kwenye ute wa shingo ya kizazi. Zikishafika huko, jeli haizipati tena. Kwa hiyo dawa lazima iwe imetangulia na kutandaa.

Kutandaa huku kuna hesabu zake. Kuta za uke zimegusana na zina mikunjo mingi, na jeli ya mililita chache hubanwa katikati yake. Ikiwa nyepesi, huvuja mwanamke anaposimama. Ikiwa nzito kupita kiasi, hubaki bonge mahali pamoja na kuacha sehemu kubwa wazi. Inayofaa ni ile inayotulia kama uji mzito ukiwa bakulini, kisha inalegea na kuteleza inaposukumwa. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akiwemo David Katz, wametumia miaka mingi kupima jinsi mnato, nguvu ya uvutano na majimaji ya ukeni vinavyoamua jeli ifike wapi. Majimaji hayo huizimua jeli, hivyo iliyoonekana imara mezani inaweza kuwa imekwisha nguvu saa inapohitajika.

Kuhusu kiasi cha dawa yenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulilinganisha jeli za nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu iliyotumika zaidi duniani. Jeli yenye miligramu 52.5 iliacha wanawake 22 kati ya 100 wakipata mimba ndani ya miezi sita. Yenye miligramu 100 iliacha 16, na yenye 150 iliacha 14. Kipimo kidogo kilikuwa dhaifu waziwazi, lakini kuongeza kutoka 100 hadi 150 hakukuleta tofauti ya kutegemewa.

Tena nonoksinoli-9 ina kasoro nzito zaidi. Hufanya kazi kama sabuni: huyeyusha utando wa mafuta unaoizunguka mbegu, na haichagui, kwa maana seli za ukuta wa uke nazo zina utando wa namna hiyo. Nairobi ndiko onyo la mapema lilikotoka. Utafiti wa mwaka 1992, uliofanywa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono waliotumia sifongo zenye dawa hiyo, ulikuta vidonda vimeongezeka na kinga dhidi ya VVU haikuonekana. Miaka kumi baadaye jaribio kubwa la Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand lilionyesha kuwa waliotumia jeli hiyo zaidi ya mara tatu na nusu kwa siku, kwa wastani, walikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU karibu maradufu. Wanawake waliojitolea kwa majaribio hayo walitufundisha kwa gharama kubwa, na somo lao ni lazima liheshimiwe: jeli ipimwe kwanza kwa usalama wa ukuta wa uke, nguvu ya kuua mbegu ifuate.

Hata jeli isiyo na dawa inaweza kudhuru. Ikijaa gliserini au chumvi, hunyonya maji kutoka kwenye seli mpaka zinasinyaa na kubanduka.

Kwa kuwa nonoksinoli-9 huyeyusha utando wa seli bila kuchagua, napendelea njia ya asidi. Jeli ya Phexxi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, ina asidi laktiki, asidi sitriki na chumvi ya potasiamu. Huulinda tu ukali wa asidi ya uke usifutwe na shahawa. Hutiwa ndani ya saa moja kabla ya tendo, kila tendo na dozi yake. Katika jaribio lake, karibu wanawake 14 kati ya 100 walipata mimba ndani ya mizunguko saba ya hedhi, na baadhi waliwashwa au kuhisi kuungua. Haiwafai wenye maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia. Huko Boston, kundi la Deborah Anderson limejaribu utando mwembamba unaoyeyuka ukeni na kuachia kingamwili zinazozigandisha mbegu pamoja zisiogelee, bila kugusa seli nyingine.

Kwa sasa, msomaji, soma lebo kabla ya kununua. Ukiona nonoksinoli-9, na wewe au mwenzi wako mko katika hatari ya VVU, iache jeli hiyo, na kondomu iliyopakwa dawa hiyo iache pia. Chukua kondomu ya kawaida. Na kama mimba kwa sasa ingekuletea shida kubwa, usiitegemee jeli peke yake: muulize mtoa huduma wa uzazi wa mpango kuhusu kipandikizi au kitanzi, ambavyo huacha chini ya mwanamke mmoja kati ya 100 akipata mimba kwa mwaka.