Mashine Ghali ya Espreso Nyumbani: Fedha Inakwenda Wapi

Espreso hupatikana kwa kusukuma maji ya moto, yenye nyuzi kati ya 90 na 96 za Selsiasi, yapenye katika kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa. Presha inayohitajika ni baa 9 hivi, karibu mara tisa ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Kipimo kilichoenea siku hizi ni gramu 18 za kahawa kutoa gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Masharti haya ni yaleyale kwa mashine ya bei nafuu na ya bei kubwa. Mashine ndogo ya dola mia chache ikipata mkono wenye ujuzi hutoa kikombe kizuri kabisa. Tatizo ni kwamba kikombe cha pili huenda kisifanane na cha kwanza. Kwa hiyo anayepanda daraja hadi mashine ya maelfu ya dola hununua hasa uthabiti: joto lisiloyumba, presha isiyopandapanda, na mvuke ulio tayari wakati wote.

Uthabiti huo ulitafutwa kwa muda mrefu. Angelo Moriondo wa Turin alisajili hataza ya mashine ya kahawa ya mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akafuata mwaka 1901. Mashine zao zilisukuma maji kwa nguvu ya mvuke peke yake, presha ikawa ndogo na kahawa ikawa na ladha ya kuungua. Achille Gaggia ndiye aliyeachana na mvuke: mashine zake za mwaka 1948 zilitumia mkono wa chuma na springi, presha ikapanda mno, na juu ya kikombe pakatokea lile povu zito la rangi ya dhahabu ambalo wanywaji wa leo hulitazama kabla hata ya kuonja. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine ya E61, iliyopewa jina la kupatwa kwa jua kulikoonekana Italia mwaka huo. Hii ilitumia pampu ya umeme, na maji ya moto yakazungushwa ndani ya kichwa kizito cha shaba inamotokea kahawa, ili kichwa chenyewe kisipoe. Mashine nyingi za nyumbani za daraja la juu zinazouzwa leo bado zina kichwa cha muundo huo.

Kinachopandisha bei zaidi ni boila. Mashine ndogo huwa na boila moja inayofanya kazi mbili kwa zamu. Kahawa inataka maji ya nyuzi 93 hivi, mvuke wa maziwa unataka boila ifike nyuzi 120 na zaidi, kwa hiyo mwenye mashine hutoa kahawa kwanza kisha akasubiri ipate moto. Isitoshe, themostati za zamani huwasha na kuzima kwa kuchelewa, na joto hupanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa. Nyuzi hizo hubainika kinywani: maji yakiwa ya baridi mno kahawa huwa chachu, yakizidi moto huwa chungu. Kifaa cha kielektroniki kiitwacho PID, kinachopima joto kila mara na kupunguza umeme kabla halijavuka kiwango, huondoa sehemu kubwa ya kasoro hiyo. Leo kinapatikana hata katika mashine za bei ya kati, na kwa anayekunywa kahawa nyeusi tu, mashine ya boila moja yenye PID inatosha kabisa.

Daraja linalofuata lina boila moja kubwa ya mvuke, na ndani yake limepitishwa bomba jembamba la maji ya kahawa, yanayopata moto yakiwa njiani. Kahawa na mvuke hupatikana kwa pamoja. Kasoro yake ni kwamba mashine ikikaa bila kutumiwa, maji yaliyolala bombani hupita kiwango cha joto, na lazima yamwagwe kidogo kabla ya kutoa kahawa. Mashine za boila mbili huimaliza shida hiyo: moja ni ya kahawa, nyingine ya mvuke, kila moja na joto lake. La Marzocco ya Florence ilitoa mashine ya mkahawa yenye boila mbili mwaka 1970. Linea Mini, mashine yake ya nyumbani, huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 5,000. Kwa nyumba ya mnywaji mmoja hiyo ni anasa tu. Kwa nyumba inayotoa kapuchino nne au tano kila asubuhi, boila mbili zina maana, kwa sababu maziwa hutiwa mvuke huku kahawa ikidondoka.

Kuhusu pampu, mnunuzi asibabaishwe na maandishi ya “baa 15” kwenye maboksi. Hicho ni kikomo cha nguvu ya pampu, wala si presha inayofika kwenye kahawa. Mashine nzuri huwa na vali ya kuishusha hadi baa 9. Pampu ya kuzunguka, inayopatikana katika mashine ghali, ina faida ya kutopiga kelele na ya kuweza kuunganishwa moja kwa moja na bomba la maji. Kwenye ladha tofauti yake ni ndogo.

Ladha hubadilishwa zaidi na mashine ya kusagia, nayo ndiyo husahaulika. Espreso ni nyepesi kudhurika: ukisaga laini kidogo tu zaidi, kahawa hutoka kwa sekunde 40 badala ya 28. Mashine ya kusagia yenye visu vinavyozunguka kama vya blenda haifai hata kidogo, kwa kuwa hutoa vipande vikubwa na vumbi pamoja, na maji hukimbilia penye upenyo. Inayofaa ni ile ya meno mawili ya chuma yanayosagana, yanayoweza kusogezwa kwa hatua ndogo mno. Mwenye fedha ya kubadilisha kifaa kimoja tu abadilishe hiki kwanza. Mashine ya kusagia nzuri na mashine ya espreso ya kawaida zitaishinda mashine ya dola 5,000 inayolishwa kahawa iliyosagwa dukani.

Kahawa yenyewe iwe imekaangwa kati ya wiki moja na mwezi mmoja uliopita. Arabika ya Nyeri au Kilimanjaro iliyokaangwa kidogo huwa na uchachu wa matunda, na hutaka maji ya moto zaidi. Robusta ya Uganda au Kagera hutoa povu jingi na ladha nzito, ndiyo maana Waitaliano wengi huichanganya katika espreso yao.

Adui mkubwa wa boila ni maji. Maji magumu huacha utando wa chokaa unaoziba mabomba, lakini katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, ambako visima vingi vina chumvi, hatari ni mbaya zaidi. Kloridi iliyo katika chumvi hiyo hula chuma, hata kile kinachosifiwa kuwa hakipati kutu, na jagi la kuchujia haliiondoi. Mtambo wa kuchuja kwa utando laini, wa aina inayotumika kwenye vituo vya maji ya kunywa, huiondoa, ila huondoa pia karibu madini yote. Maji matupu ya namna hiyo hutoa kahawa bapa, na baadhi ya mashine hushindwa kuyatambua, maana kipimo cha kina ndani ya boila hutegemea maji yanayopitisha umeme. Dawa ni kurudishia madini kiasi, au kununua maji ya chupa yenye kalisi na bikaboneti za wastani na kloridi kidogo.

Umeme nao uangaliwe kabla ya kuagiza. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50. Mashine ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Transfoma hubadilisha volti lakini haigusi hezi, na pampu ya mtetemo, iliyo katika mashine nyingi za nyumbani, hufuata hezi, hivyo hupoteza kasi yake. Palipo na umeme unaopanda na kushuka, stabilaiza inahitajika, nayo ibebe wati zote za mashine, ambazo kwa boila mbili zaweza kukaribia 3,000. Mashine ya kichwa cha E61 huhitaji dakika 30 au zaidi kupata joto sawasawa, na umeme ukikatika hesabu huanza upya.

Jambo la mwisho la kumuuliza muuzaji ni vipuri. Mpira unaoziba kichwa hukauka na kupasuka, na kipasha moto huungua. Mashine zenye kichwa cha E61 zina nafuu hapa: mpira na vichujio vyake vya milimita 58 hutengenezwa na kampuni nyingi, na fundi aliyezoea mashine za mikahawani huzifungua bila shida. Mashine yenye kioo cha kugusa na bodi ya kielektroniki isiyopatikana ila kwa mtengenezaji mmoja aliye ng'ambo isinunuliwe, hata ikiwa na punguzo la nusu bei.