Tarika ya Bagamoyo: Siri au Udugu?

Wako wanaoihesabu tarika ya Qadiriyya kuwa chama cha siri. Wafuasi wake huunganisha mnyororo wa masheikh hadi kwa Abdulqadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166, na kupitia kwake hadi kwa Mtume. Hayo ni ya imani. Historia inatuonyesha Sheikh Ramiya, aliyeletwa Bagamoyo mtumwa kutoka Manyema, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika, akafariki mwaka 1931. Mwaka 1908 Wajerumani walizishuku tarika kwa ajili ya “Barua ya Makka”; lakini dhikiri zilisikika hadharani. Nguvu yake haikuwa siri, bali udugu kwa aliyenyang’anywa ukoo. Basi tujiulize: sharika zetu humpokeaje mtu wa namna hiyo?