Punda wa mkokoteni Singida anaweza kupewa namba tisa?

UKISHUKA stendi ya Singida asubuhi, kabla hata hujaliona Ziwa Singidani wala kusikia habari za mechi ya Uwanja wa Liti, lazima upishane na punda. Anavuta mkokoteni wa madumu ya maji, magunia ya vitunguu, alizeti au matofali. Pembeni yake kuna kijana mwenye fimbo, na mara nyingi kijana huyo kavaa jezi ya Simba au Yanga.

Jioni mkokoteni ukifunguliwa, mambo yanabadilika. Kijana yuleyule anaruka mgongoni, miguu inaning'inia, safari ya nyumbani inaanza. Punda anatembea zake taratibu. Kijana anapiga visigino, anafoka, anachapa. Punda ndio kwanza anasimama. Hapo anapewa jina lake la siku zote: mkaidi.

Sasa swali la leo ni la kimichezo kabisa. Mnyama aliyezoeshwa kuvuta anaweza kuwa mnyama wa kupanda, tena wa mbio? Wenzetu wa Lamu kule Kenya wana mashindano ya punda na watu wanajaa kutazama. Singida yenye punda kila kona haina kitu. Tatizo ni mchezaji au kocha?

Jibu nalitoa mapema, ili mwenye haraka ya kwenda kuangalia msimamo wa ligi asipitwe: tatizo ni kocha.

KUBADILISHWA NAMBA

Kwenye soka haya tunayajua. Thierry Henry alifika Arsenal mwaka 1999 akiwa winga, Arsene Wenger akamsogeza katikati, na kilichofuata kila mtu anakijua. Hapa nyumbani tulikuwa na Erasto Nyoni, kiraka wa ukweli, beki wa kulia, wa kushoto, wa kati, kiungo mkabaji, popote unampanga. Lakini hakuna kocha aliyembadilisha mchezaji namba kwa kumzaba makofi. Anakaa naye, anamfundisha kuuona uwanja kwa jicho jipya, anamvumilia akikosea.

Wenye farasi wao walikutana na kazi hiyo zamani. Huko Ulaya kulikuwa na aina za farasi waliozalishwa kwa ajili ya kuvuta magari ya abiria. Farisi weusi wa Uholanzi wanaoitwa Friesian, wenye manyoya marefu miguuni. Cleveland Bay wa Uingereza, ambao mpaka leo huvuta magari ya kifalme. Oldenburg wa kaskazini mwa Ujerumani, wazito na wenye nguvu. Magari ya injini yalipokuja, wote wakawa kama timu iliyoshuka daraja, hakuna aliyewahitaji.

Waliofanya akili ni wale wa Oldenburg. Baada ya Vita Kuu ya Pili waliwachanganya farasi wao na damu nyepesi ya farasi wa mbio, wakachagua kizazi baada ya kizazi, na yule mvuta gari akageuka farasi wa kupanda. Mwaka 2000 kwenye Olimpiki ya Sydney, Oldenburg aitwaye Bonfire, akiwa na Anky van Grunsven mgongoni, alichukua dhahabu.

Ila stori ninayoipenda zaidi ni ya Halla. Huyu alikuwa jike la Kijerumani, baba yake Oberst alitoka kwenye ukoo wa farasi wa mchakamchaka, wale wanaoshindana huku wakivuta kigari chepesi cha magurudumu mawili. Mwaka 1956 Olimpiki ilikuwa Melbourne, lakini michezo ya farasi ikafanyika Stockholm kwa sababu sheria za karantini za Australia zilikataza farasi wa nje kuingia. Mpandaji wake, Hans Gunter Winkler, alichanika msuli wa kinena raundi ya kwanza. Mnajua maumivu hayo, straika akiyapata anatolewa kwa machela. Winkler alirudi raundi ya pili akiwa hawezi kukaa sawasawa. Alichofanya ni kumwelekeza Halla kwenye vizuizi tu. Halla akaruka vyote bila kuangusha hata kimoja. Dhahabu mbili siku hiyo, ya mtu mmoja na ya timu, na nyingine ya timu Roma mwaka 1960.

Mtoto wa mvuta kigari huyo.

ANACHOKUJA NACHO

Farasi wa gari anakuja kwenye kazi ya kupandwa na mazuri yake. Kwanza katulia. Amezoea honi, watu, bendera, kelele. Amezoea kusimama akisubiri bila kulalamika, kama kipa wa akiba. Shabiki aliyewahi kubanana getini Dar siku ya watani wa jadi anajua thamani ya farasi asiyeshtuka, akiwaangalia wale wa polisi.

Mabaya nayo yapo. Mwili wake umejengwa kwa kusukuma kifua mbele, hivyo mgongo haujazoea kubeba. Mchakamchaka wake ni wa kuinua magoti juu, mzuri kwa macho, lakini aliyekaa juu anarushwa kama yuko kwenye daladala la barabara ya vumbi. Wale wa mashindano ya mchakamchaka wamefundishwa kwamba kuvunja mwendo na kutimua mbio ni kosa, halafu siku moja mtu anapanda na kumtaka atimue. Lazima achanganyikiwe!

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii. Farasi wa gari hufungwa vikinga macho ili asione kinachomfuata nyuma. Maisha yake yote amri imetoka nyuma, kwa sauti na kamba. Ukivivua vikinga, akageuza jicho na kukuta kichwa cha binadamu kimekaa juu ya mgongo wake, unategemea nini? Wajuzi humzoesha polepole. Kwanza mtu anasimama pembeni, kisha anamlalia kidogo mgongoni, kisha anakaa dakika chache huku mwingine ameshika kamba.

KWETU FARASI HAKAI

Singida hatuna farasi wa kujadili. Mbung'o na maradhi, hasa ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na vijidudu vinavyouma, vimewafanya farasi wawe wageni wa shida sehemu kubwa ya nchi. Punda akiupata ugonjwa huo mara nyingi hata haonyeshi dalili.

Na kwa nini asihimili, wakati yeye ni mzawa? Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote duniani wametokana na punda waliofugwa mara moja tu, hapa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, miaka 7,000 hivi iliyopita. Punda mwitu wachache bado wapo Ethiopia na Eritrea. Huyu ni zao la akademi yetu wenyewe, dunia nzima imemsajili, sisi tunamchapa.

HUO SIO UKAIDI

Farasi ni wa nyika za majani, akiona hatari anakimbia kwanza, maswali baadaye. Punda katokea nchi kame, majani machache, kila mmoja na eneo lake. Kukimbia hovyo kwenye mawe kungemuua. Kwa hiyo akiwa na wasiwasi anasimama, anatazama, anapima. Beki mzuri hajirushi kwenye kila mpira, anamsubiri straika afanye kosa. Punda anacheza hivyo hivyo.

Kijana anayemchapa punda aliyesimama anazidisha lile lile lililomsimamisha. Wasiwasi wa kwanza ulikuwa kivuli barabarani au karavati lenye maji. Sasa umeongezeka wa pili, mtu mwenye fimbo mgongoni. Punda anakufa ganzi zaidi. Mwishowe ukija ule mteke, tunatoa msemo wetu kwamba fadhila za punda ni mateke. Fadhila ipi alikuwa amepewa?

Lingine: punda haonyeshi maumivu. Anaweza kuwa na kidonda chini ya mkanda na bado akavuta mpaka jioni. Singida, kama sehemu nyingi za kanda ya kati, utakuta watu wanamfunga punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kushikia nira, punda hana. Nguvu yake iko kifuani, anahitaji mkanda mpana wa kifuani uliowekwa kitu laini. Nira inamchuna shingo na mabega, na yale mabega ndiyo kijana anataka kuyapanda jioni. Halafu tunauliza mbona hakimbii.

Na ana rafiki. Punda wawili waliofungwa mkokoteni mmoja kwa muda mrefu wanakuwa pacha, kama viungo wawili waliokua pamoja timu ya vijana. Ukimtenga mmoja ukampeleka peke yake, anagoma kwa sababu anamtafuta mwenzake. Anayetaka kumfundisha kupandwa aanze na pacha wake akiwa mbele. Nusu ya kazi imeisha hapo.

LAMU WANAFANYAJE?

Lamu mji wa kale, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, mitaa yake ni myembamba kiasi kwamba gari halipiti. Punda ndiye lori na ndiye bodaboda. Anabeba mchanga, matumbawe, saruji, halafu siku za tamasha la utamaduni na sherehe za Maulidi vijana wanashindana naye ufukweni, mgongo mtupu bila tandiko, wamekaa nyuma karibu na kiuno. Ushindi una heshima yake mtaani, kama mfungaji bora wa ndondo.

Wale sio aina maalumu ya punda. Ni hao hao wabeba mizigo. Tofauti ni kwamba mtoto wa Lamu anakua na punda anayepandwa kila siku, na punda anakua akijua kwamba mgongo ni sehemu ya kukaa mtu. Mji ule pia una kliniki ya punda iliyofunguliwa miaka ya 1980 na shirika la Uingereza, The Donkey Sanctuary, matibabu bure. Timu yenye daktari wa timu.

Wa Singida amezoea kitu kingine, uzito uwe nyuma kwenye magurudumu. Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Mkokoteni wenye magurudumu mazuri kwenye barabara tambarare, punda anavuta mzigo unaozidi uzito wake. Mtu anadhani basi na mgongoni atambeba yeyote. Hesabu inakataa. Magurudumu hayambebi mpandaji, uti wa mgongo ndio unabeba. Wale wale The Donkey Sanctuary ukomo wao kwa punda mzima mwenye afya ni kama kilo 50. Baunsa wa kilo 90 anayempanda punda kutoka mnadani anatakiwa kadi nyekundu ya moja kwa moja.

Na umri pia. Punda hajakomaa mifupa kabla ya miaka minne hivi, na wengi wanaingizwa kazini mapema zaidi. Ni kumchezesha mtoto wa U-15 ligi kuu kila wiki, ukishangaa magoti yakiisha.

KIKOSI KINAPUNGUA

Haya yote yangekuwa stori za kijiweni kama punda wangekuwa wa kumwaga. Miaka ya karibuni ngozi yao imetafutwa sana kwenda China kutengeneza ejiao, dawa ya asili inayotokana na ngozi iliyochemshwa. Machinjio yalikuwepo Dodoma na Shinyanga, na barabara kati ya miji hiyo miwili inapita Singida. Serikali yetu ilipiga marufuku, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima.

Pengo halizibiki kwa dirisha dogo la usajili. Punda jike anabeba mimba takriban mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, na mtoto huyo anahitaji miaka mingine mpaka afae kazi. Familia iliyopoteza punda, mama na watoto ndio wanarudi kubeba madumu kichwani.

Ndiyo maana naona mbio za punda Singida sio utani. Punda anayeshindana anapata jina, anapata mtu wa kumkagua kwato na meno, mwenye naye anaona aibu kumleta na kidonda mbele ya watu. Lakini zikifanywa kwa mtindo wa fimbo na kelele, bora zisiwepo kabisa, tutakuwa tumemwongezea kazi ya Jumapili juu ya sita alizonazo.

Mimi ningezipanga hivi. Asubuhi na mapema kabla jua halijachachamaa, siku ambayo mkokoteni umelala. Umbali mfupi, mita 400 zinatosha, kwenye udongo na sio lami. Punda wa kuanzia miaka minne, waliofundishwa kwa miezi na sio wiki, na pacha wake aruhusiwe kusubiri mwisho wa njia, utashangaa mbio zitakazotoka hapo. Fimbo zibaki nyumbani. Daktari wa mifugo apitishe mkono mabegani na mgongoni kabla ya kuanza, akigusa kidonda punda huyo hachezi. Na pale getini iwekwe mizani ya magunia ya alizeti, kila mpandaji apimwe.