Fahamu: Kozi ya chuo kikuu inayosomewa juu ya tandiko la baiskeli

Baiskeli nayo ni ya kusomea chuo kikuu? Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, kinaona ndiyo. Kozi yake ya kiangazi, Planning the Cycling City, hupokea wageni wanaotaka kujua miji hupangwaje ili watu waache magari, na sehemu ya masomo hufanyika barabarani, mwanafunzi akinyonga pedeli.

Hapo ndipo penye utamu. Kwenye ramani, njia ya baiskeli ni mstari tu. Ukiipita mwenyewe unaona lami yake nyekundu, ukingo unaoitenga na magari, na taa yake yenyewe, ndogo, iliyofungwa chini kwenye nguzo, usawa wa macho yako.

Wengi hudhani Waholanzi walizaliwa juu ya baiskeli. Wapi! Baada ya Vita Kuu ya Pili miji yao nayo ilijaa magari. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, watoto wakiwa zaidi ya 400. Wazazi wakaingia mitaani na kampeni ya Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, na serikali, iliyokuwa nzito ya kusikia, ikasikia.

Leo baiskeli huko ni nyingi kuliko watu. Maegesho ya kituo cha treni cha mji wa Utrecht hubeba takriban 12,500, kwenye ghorofa tatu. Ukisahau uliiacha ghorofa gani, pole yako.